Moto wa Sebule ya Mbele

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Hapana, nimekosea. Sabini na sita ndio mwaka wa ukame, mito ya Wales ilipokauka mpaka kondoo wakawa wanalamba mawe, na habari hii haiwezi kuwa ya mwaka huo kwa sababu ni habari ya maji. Basi ni sabini na nane, baridi iliyovuka kuingia sabini na tisa, maana nakumbuka theluji ilivyojaa na madereva wa malori walivyogoma, na Idwal Beynon akawa anakwenda kazini kwa miguu ilhali yeye mwenyewe ndiye fundi wa mabasi.

Bonde zima la Nant Brwyn lilimwita Idwal Spana. Kule majina ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo kila mtu huvishwa kazi yake akatembea nayo mpaka kaburini. Kulikuwa na Wil Maziwa, kulikuwa na Mari Posta, na seremala aliyetengeneza majeneza walimwita Dilwyn Mwisho, wala hakukasirika. Idwal alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa mlangoni hata pale ambapo mlango ulimzidi urefu. Alikaa Safu ya Chini na mkewe Tegwen, na mama yake mzazi Hannah, na binti yao wa pekee, Nerys, aliyekuwa na miaka minane.

Safu ya Chini ilikuwa nyumba zilizoshikana ubavu kwa ubavu chini ya mlima, zilizojengwa zamani na wenye mgodi kwa ajili ya wachimbaji wao. Kwa mbele zilitazama barabara na kanisa. Kwa nyuma hazikutazama kitu, kwa sababu nyuma palikuwa mlima wenyewe. Ukuta wa nyuma uliegemezwa kwenye udongo, na maji yaliyoshuka mlimani hayakuwa na njia nyingine ila kupita ndani ya ukuta huo. Yalipita kimya, miaka nenda miaka rudi. Ukiweka kiganja ukutani ulihisi kama umeshika pua ya ng'ombe. Kuvu nyeusi ilipanda kutoka sakafuni, Tegwen akaisugua kwa sabuni na maji ya moto, ikapanda tena, akaisugua tena, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba mwezi umekwisha.

Watu wa Safu ya Chini walikohoa. Wanaume walisema ni vumbi la mgodi, na kweli lilikuwa vumbi la mgodi. Lakini wake zao hawakuwahi kushuka mgodini, na walikohoa. Nerys hakuwahi kushuka mgodini. Alilala katika kile chumba kidogo cha nyuma, kando ya jikoni, na usiku alivuta pumzi kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta.

Sasa, kila nyumba ya Safu ya Chini ilikuwa na sebule ya mbele, na hakuna aliyekaa humo. Watu waliishi jikoni. Jikoni ndiko walikopika, walikokula, walikooga kwenye beseni, walikoanika nguo kwenye kamba juu ya moto, walikogombana na walikopatana. Sebule ilikuwa ya mchungaji, ya daktari na ya maiti. Ya akina Beynon ilikuwa na piano ambayo hakuna aliyejua kuipiga, makochi magumu kama siku yalipotoka dukani, picha ya marehemu mzee Beynon na saa yake ya mnyororo, na kabati la kioo lenye vikombe vya maua. Hannah aliifuta vumbi kila asubuhi, kisha akafunga mlango. Idwal alizaliwa katika nyumba ile, na bado kila alipoingia sebuleni alijikuta anavua kofia.

Mwaka huo, majani yalipoanza kuanguka, daktari wa kifua wa mjini alimpima Nerys, akawaita wazazi pembeni.

"Huyu mtoto anataka chumba kikavu," akasema. "Si dawa. Dawa nimempa. Chumba. Ama mpate nyumba nyingine, ama mumpeleke kwa mtu anayekaa pakavu, kabla hajatimiza miaka tisa."

Mtu wa kukaa pakavu alikuwepo. Tegwen alikuwa na dada yake, Mair, aliyeolewa mbali, pwani ya magharibi, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye jua na upepo. Mair hakujaliwa mtoto, na kila Krismasi alimtazama Nerys kwa namna ambayo Tegwen hakuipenda. Alikuwa ameshasema zaidi ya mara moja: chumba kipo, kitanda kipo, nileteeni.

"Sitampa mtu mwanangu," Tegwen akasema kwenye basi la kurudi.

"Hatutampa mtu," Idwal akasema. "Tutapata nyumba."

Na hakuwa akiota. Halmashauri ya bonde ilikuwa inajenga nyumba mpya juu kilimani, mahali penye jua, zenye kuta mbili mbili na mabomba ya joto. Tatizo ni kwamba zilitosha mtaa mmoja tu, na mitaa iliyozitaka ilikuwa miwili, Safu ya Chini na Mtaa wa Daraja. Wakubwa hawakutaka kuchagua kwa sura za watu. Wakaomba chuo kikuu kije kipime: vifua vya watu, na nyumba wanazokaa, kisha kiseme wapi nyumba inamuumiza mtu zaidi.

Ndipo akaja Bi Crewe.

Alikuwa msichana wa Kiingereza, wa mjini, mwenye nywele fupi na viatu visivyofaa mvua. Aliwaita watu wa Safu ya Chini kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, na Nerys na wenzake wakapuliza kwenye mrija wa kupima pumzi, mmoja baada ya mwingine. Nerys alipuliza mpaka macho yakamtoka, na sindano ya kipimo ikanyanyuka kidogo tu, kama mtu mvivu anayeitwa kitandani. Kisha Bi Crewe akagawa visanduku. Vilikuwa vya bati na kioo, na ndani mlikuwa na pipa dogo lililovishwa karatasi, likizunguka polepole kama saa. Kalamu mbili nyembamba ziliichora karatasi hiyo, moja mstari wa joto, nyingine mstari wa unyevu.

"Tunataka kujua nyumba inamfanya nini mtu," akasema. "Kiwekeni pale mnapokaa zaidi. Na kama kuna mgonjwa, kando ya kitanda chake. Mimi nitapita kila Jumatatu kubadilisha karatasi."

"Mke wangu anakaa zaidi kwa jirani," Wil Maziwa akasema kutoka nyuma. "Nikipeleke huko?"

"Kinapima maneno?" mkewe akamrudishia. "Kama kinapima maneno, kiwekeni kinywani kwake, mtapata unyevu wa kutosha."

Watu wakacheka, hata mchungaji. Bi Crewe akacheka pia, ingawa hakupata kila neno. Idwal alikibeba kisanduku chake mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Alikiweka juu ya kiti, kando ya kitanda cha Nerys, kama walivyoambiwa. Nerys alikipenda mara moja kwa sababu kilikuwa na mlio wa saa.

"Baba, kinasikia nikikohoa?"

"Hakisikii. Kinanusa tu."

"Kinanusa nini?"

"Ukuta."

"Maskini," Nerys akasema, akakifunika kwa leso yake, Idwal akaitoa.

Mstari wa unyevu ulipanda. Siku ya kwanza ulipanda, siku ya pili ukafika ukingoni mwa karatasi, ukagota hapo kama kondoo aliyefika kwenye ua. Idwal aliutazama, na moyoni akahisi kitu karibu na furaha. Alimwita Tegwen. Wakasimama wote wawili mbele ya kile kisanduku, wakitazama ule mstari mbaya kama watu wanaotazama nyumba yao mpya.

Jumapili baada ya ibada, Hannah akaingia chumbani humo na kofia yake bado kichwani.

"Idwal, yule msichana anakuja kesho?"

"Ndiyo, mama."

"Atapita wapi?"

Idwal akakitazama kisanduku.

"Nakuuliza, atapita wapi? Atapita jikoni kwangu, chini ya suruali zako za ndani, aje asimame hapa autazame huo ukuta?"

"Ndicho anachokuja kutazama, mama. Ukuta."

"Amekuja kupima. Hakuja kutuchungulia. Baba yako amekuwa shemasi mpaka anakufa na hakuna mgeni aliyevuka mlango wa jikoni. Daktari alipokuja, tulimchukua mgonjwa tukampeleka sebuleni. Hata baba yako mwenyewe, anakata roho, alisema, nipelekeni mbele."

"Mama," Tegwen akasema taratibu, "alisema kando ya kitanda cha mgonjwa."

"Alisema pia pale mnapokaa. Sebule ni ya nani? Si yetu? Au tumepanga?"

Tegwen akamtazama mumewe. Mama yake naye akamtazama. Idwal alikuwa mtu wa kurekebisha injini, na injini ikigoma unaifungua ukaona kilichokwama. Hawa wawili hakuwahi kujua wafunguliwe wapi. Alijiambia kwamba sebule na chumba cha nyuma viko chini ya paa moja, na unyevu ni unyevu, utafika tu. Alijiambia hivyo, akakiinua kisanduku.

"Mbona kinapelekwa kwa wageni?" Nerys akauliza kutoka kitandani.

"Kitarudi," Idwal akasema.

Akakiweka juu ya piano.

Kesho yake Bi Crewe akaja, viatu vimelowa. Hannah alimkalisha kwenye kochi, akamletea chai kwenye kikombe cha maua na kipande cha keki ya zabibu kikubwa kama tofali. Moto uliwaka sebuleni tangu alfajiri. Bi Crewe akanyoosha miguu karibu na moto huo, akasema nyumba yao ni nzuri, Hannah akasema wanajitahidi. Kisha akafungua kisanduku, akaitoa karatasi, akaigeuza upande wa dirishani.

"Hapa mwanzoni," akasema, "unyevu uko juu kabisa. Halafu ghafla unashuka. Kulikuwa na nini?"

Alimuuliza Idwal, aliyekuwa amesimama mlangoni na nguo za kazi. Hannah aliendelea kumimina chai wala hakuinua macho. Tegwen alikuwa jikoni, na mlango wa katikati ulikuwa wazi kidogo. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nyuma ya jikoni, kitandani.

"Tulikuwa tunafua, Bi Crewe," Idwal akasema.

"Aa, kufua," akasema Bi Crewe, akaandika.

Mlango wa katikati ukafungwa kutoka upande wa pili.

Tangu siku hiyo hapakuwa na kurudi nyuma, kwa sababu ungemwambia nini? Na jambo jingine likatokea ambalo Idwal hakulitazamia. Kalamu haikulala. Iliandika Jumatatu na iliandika Alhamisi, na moto wa sebuleni ukizimwa ilionyesha wazi, mstari wa joto ukaporomoka na wa unyevu ukaanza kujivuta juu. Hannah aliliona hilo kabla ya mtu mwingine.

"Atasema tunamwashia yeye moto," akasema. "Atasema akiondoka tunakaa kama mbwa."

Basi moto wa sebuleni ukawaka kila siku. Makaa ya mawe waliyopata ni yale ambayo mgodi ulimpa Hannah kwa kuwa mjane wa mchimbaji, lori lilimwaga rundo mlangoni mara moja kwa mwezi, na rundo hilo lilitosha moto mmoja. Idwal ndiye aliyejaza ndoo. Alikuwa akiichota asubuhi kabla ya kazi, na miguu yake ilizoea kukata kushoto, sebuleni, badala ya kwenda moja kwa moja jikoni. Jikoni walivaa makoti. Nerys alilala na soksi mbili mbili, na chupa ya maji ya moto tumboni. Sebuleni piano ilipata joto, picha ya mzee Beynon ilipata joto, na mstari wa kalamu ulikwenda sawasawa kama mshono wa fundi cherehani. Na nisiseme uongo kwa ajili yake: kuna siku Idwal aliutazama mstari ule akaona fahari. Alilelewa hivyo. Mtu akija kukupima, unajitahidi upate alama nzuri.

Tegwen alimwambia mara moja tu. Ilikuwa Januari, barafu imeshika dirisha la jikoni kwa ndani.

"Wil na wenzake wameweka vyao vyumba vya nyuma," akasema. "Halmashauri itaona Safu nzima imelowa, isipokuwa sisi. Haitatunyima nyumba kwa ajili ya kisanduku kimoja."

"Hata mimi nimewaza hivyo," Idwal akasema.

"Basi niwazie pia kwamba unarudisha ndoo moja huku."

Akarudisha moja. Siku ya pili Hannah akaihamisha, na Idwal akaona, akaiacha huko.

Bi Crewe aliendelea kupita nyumba hadi nyumba kila Jumatatu. Wil Maziwa alisema msichana alikuja bondeni akiwa mwembamba kama ufagio na sasa vifungo vya koti vimeanza kulalamika, kwa sababu kila nyumba ilimpa keki, na kila mama alihesabu kama alimaliza. Alizoea watu, watu wakamzoea. Alimletea Nerys penseli za rangi. Nerys aliitwa sebuleni kuzipokea, amechanwa nywele, akazuia kikohozi mpaka mgeni akaondoka.

Pasaka ikakaribia, visanduku vikakusanywa, na jioni moja watu wakaitwa tena kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Safu ya Chini walikaa upande mmoja, Mtaa wa Daraja upande mwingine, kama kwenye harusi. Mbele alikaa mtu wa halmashauri aliyenyoa vizuri. Bi Crewe akasimama na karatasi zake, na sauti yake haikuwa na raha.

"Vifua vya Safu ya Chini," akasema, "ni vibaya kuliko vya mtaa wowote tuliopima. Vya watoto hasa. Nilitarajia nyumba zao zitueleze kwa nini." Akageuza ukurasa. "Lakini nyumba zao ni kavu. Ni kavu kuliko za Mtaa wa Daraja. Zote. Kwa hiyo kinachowaumiza watu hawa hakitoki kwenye nyumba. Tunashauri waangaliwe mambo mengine. Sigara, vyakula, kazi walizofanya."

"Zote?" mtu wa halmashauri akauliza.

"Zote."

Idwal alisikia neno hilo likishuka ndani yake polepole. Aliwatazama majirani zake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Akawaza: kumbe wao nyumba zao ni kavu kweli. Kumbe ni yetu tu iliyooza katika Safu nzima, na mimi ndiye pekee niliyedanganya. Kama ndivyo, akisimama sasa atasema nini? Atasema mbele ya mashemasi, mbele ya Mtaa wa Daraja, kwamba nyumba ya mama yake peke yake ina kuvu mpaka darini, na kwamba mjukuu wa mzee Beynon analala humo?

Aliweka mikono juu ya magoti ili asimame. Hannah akamshika mkono wa koti. Hakumvuta, alimshika tu, kama anavyoshikwa mtoto kanisani. Idwal akabaki amekaa.

Mtu wa halmashauri akatangaza kwamba nyumba mpya zitakwenda Mtaa wa Daraja, na kwamba Safu ya Chini wataletewa mtu wa kuwafundisha kuhusu sigara. Mlangoni, watu wakitoka, Bi Crewe alimsimamisha Idwal.

"Nerys anaendeleaje?"

Hilo nalo lilikuwa swali jepesi. Tena alikuwa peke yake, mama yake ametangulia.

"Vizuri, asante," Idwal akasema. "Na asante kwa penseli."

Gari dogo la Bi Crewe likaondoka na taa zake nyekundu. Idwal akateremka barabarani na Wil Maziwa, mvua ikinyunyiza. Wil hakutoa mzaha hata mmoja mpaka walipofika kwenye daraja, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu.

"Spana," Wil akasema. "Wewe kile kisanduku ulikiweka wapi?"

Idwal akatembea kidogo.

"Sebuleni," akasema. "Juu ya piano."

Wil akasimama. "Mimi pia sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Gwladys mke wangu alinitishia." Akapangusa uso. "Nilidhani ni mimi tu. Nimekaa pale ndani nikasema, Wil, umewakosesha wenzako nyumba. Halafu yule binti akasema zote ni kavu."

Wakagonga nyumba ya kwanza ya Safu. Sebuleni. Wakagonga ya pili. Sebuleni, karibu na dirisha, ili msichana asisumbuke kukitafuta. Ya tatu mama mwenye nyumba aliwajibu kwa mlango uliofunguliwa nusu, akawauliza, kwani mlitaka tumpitishe wapi, na wao hawakugonga ya nne. Wil akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na Idwal akampiga mgongoni mpaka kikatulia.

"Majira yote ya baridi," Wil akasema alipopata pumzi, "tumempimia vikombe vya maua."

Idwal alikwenda halmashauri wiki iliyofuata na nguo za Jumapili. Mtu wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema kila mtaa unaokosa kitu huja na hadithi, lakini hii ni mpya. Bi Crewe? Bi Crewe amemaliza, amepelekwa kupima bonde jingine. Idwal akauliza kama anaweza kuandikiwa. Mtu yule akasema anaweza kuandikiwa. Aliandikiwa. Kama alijibu, jibu halikufika Safu ya Chini.

Nerys aliondoka mwezi wa Mei, kabla hajatimiza miaka tisa. Mair na mumewe walikuja na gari, na kwa kuwa walikuwa wageni walikaa sebuleni, na sanduku la Nerys likawekwa hapo karibu na piano. Tegwen hakutoka jikoni mpaka dakika ya mwisho. Hannah alimfunga mtoto kofia, akamwambia awe na adabu. Alipokuwa anarudi ndani alishika ukuta wa ukumbini kwa kiganja, kama mtu anayepapasa mnyama, akakiangalia kiganja chake.

Hannah hakuwahi kulisema jambo lile. Ila tangu siku hiyo aliacha kuwasha moto wa mbele, na miaka sita baadaye, alipokuwa anafariki, Idwal alimuuliza kama ampeleke sebuleni. Akasema hapana, nikae hapahapa penye joto. Walimpeleka alipokwisha kufa, kwa kuwa ndiyo desturi.

Kwa Mair, Nerys alipona, si kabisa, lakini ile milio ya usiku iliisha. Hilo ndilo lililomfunga Idwal mdomo. Ungelalamikaje? Mtoto anapumua. Barua zilikuja, halafu simu ilipofika Safu ya Chini ikawa simu, Jumapili baada ya ibada, na kila mwaka sauti ilikuwa na pwani zaidi na bonde kidogo. Nerys alimwita Mair kwa jina lake, lakini siku moja kwenye simu aliteleza akamwita mama, kisha akakohoa kama zamani, kikohozi cha uongo, ili kulifunika neno. Tegwen ndiye aliyekuwa ameshika simu. Aliongea mpaka mwisho, akaiweka, akaenda kusugua ukuta.

Halmashauri ilikuja kuziba kuta za nyuma kwa saruji, miaka mingi mno baadaye, na unyevu ukahamia vyumba vya juu. Mgodi ulifungwa. Wil Maziwa alikufa kwa kifua. Idwal alistaafu, akawa anakaa jikoni na gazeti, na akisikia watu wa redio wakisema kipimo kimeonyesha hiki, kipimo kimeonyesha kile, huinamisha kichwa kidogo kama anapita mlangoni.

Nerys huja mara mbili kwa mwaka. Sasa ni mama wa mtu, amekuwa mwalimu huko pwani, ana nywele fupi na gari lake mwenyewe. Mara ya mwisho alikuja Novemba, mvua ikinyesha kutoka kila upande. Idwal alisikia gari, akainuka kwenye kiti chake, akasogeza kiti cha pili karibu na moto wa jikoni, akakifuta kwa mkono. Akasikia mlango wa mbele. Akasikia Tegwen akisema, ingia, ingia, umelowa, na Nerys akisema, msijisumbue kwa ajili yangu. Kisha akasikia kitasa kingine, kile kigumu cha sebuleni kisichoguswa mara kwa mara, na sauti za wanawake wawili zikafifia nyuma ya ukuta wa upande wa barabara.

Akanusa makaa. Hakuwa amejaza ndoo asubuhi ile, kumbe mkewe aliijaza mwenyewe.

Tegwen akaja jikoni kuchukua maji ya moto. Alikuwa ameshatoa vile vikombe vya maua, akavipanga kwenye sinia, akakata keki ya zabibu vipande vikubwa. Vikombe vilikuwa safi lakini alivifuta tena, kimoja kimoja, amempa mumewe mgongo. Idwal bado alikuwa amesimama, mkono juu ya kile kiti cha pili.

"Tegwen," akasema, "mbona umempeleka kule?"